Amelazwa: Maneno ya Kliniki ya Wanyama Wasio na Wenyewe

Ng'ombe amebahatika katika Kiswahili. Akivimba tezi chini ya sikio na kuhema kwa homa wiki mbili hivi baada ya kuumwa na kupe, ana ndigana kali. Akikonda, akafunga choo, ufizi ukapauka na kugeuka manjano, ana ndigana baridi. Akikojoa mkojo wa rangi ya damu, ana mkojo mwekundu. Akianguka ghafla na kufa, damu isiyoganda ikamtoka puani, ni kimeta, na hata mtoto wa mfugaji anajua kwamba mzoga ule haupasuliwi. Ipo chambavu, ipo homa ya mapafu, upo ugonjwa wa miguu na midomo, upo ugonjwa wa kutupa mimba. Ipo sotoka, iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji mikono mitupu. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote, maradhi ya pili kufutwa na binadamu baada ya ndui. Ugonjwa umekwisha, neno limebaki. Kuku naye ana mdondo, ambao kwingine huitwa kideri.

Mbwa ana nini? Mbwa ana kichaa. Ndilo jina la maradhi ambalo lugha imemtengea yeye, na imemtengea kwa sababu ugonjwa huo unatuua sisi. Paka hana hata hilo moja.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni msaidizi wa daktari katika kliniki ya kituo kinachopokea wanyama wasio na wenyewe: mbwa waliogongwa na bodaboda, paka waliomwagiwa maji ya moto, watoto wa mbwa waliotupwa jalalani ndani ya kiroba. Kazi ya msaidizi ni kushika, kunyoa manyoya mahali pa kupasuliwa, kuchemsha vifaa, kupima joto, kuhesabu pumzi, kubadilisha bandeji, kufagia. Na ni kuandika kadi. Daktari huzungumza huku mikono yake ikiwa ndani ya glavu, mimi ndiye mwenye kalamu, na kalamu ndiyo inayogundua kwamba neno halipo.

Halipo kwa sababu inayoeleweka. Vyuo vya mifugo vya nchi zetu, iwe Tengeru, Mpwapwa au Kabete, vimejengwa juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku, kwani hao ndio wanaosomesha watoto na kulipa mahari. Hata jina la taaluma linasema hivyo. Tunamwita daktari wa mifugo. Wazee wetu walisema bwana mifugo. Mfugo ni kile kinachofugwa, na kufuga ni kitenzi kipana ajabu: mtu hufuga kuku, hufuga ndevu, hufuga kucha, hufuga maradhi asipokwenda hospitali. Katika yote hayo yupo mtu anayefuga. Aliyekosa wa kumfuga hayumo ndani ya neno.

Na si Kiswahili peke yake. Neno veterinari, ambalo Tanzania imelitia katika sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha Baraza la Veterinari, lina asili ya Kilatini, na Warumi walilitumia kwa mtu aliyewahudumia wanyama wa kubeba na kukokota mizigo. Shule ya kwanza ya fani hii barani Ulaya ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wakati sotoka ikiwamaliza ng'ombe wa Wafaransa, na mwanzilishi wake, Claude Bourgelat, alikuwa bingwa wa farasi. Ukitaka kumwona mgonjwa yule wa kale wa Warumi, nenda Lamu. Kituo cha punda kilichofunguliwa pale mwaka 1987 hutibu vidonda, minyoo, kwato na macho ya wanyama ambao hadi leo wanabeba mchanga, mawe na saruji katika vichochoro visivyopitisha gari.

Mgonjwa wangu mimi hakokoti kitu. Kiswahili huwagawa wanyama kwa kuuliza ni wa nani: wa mtu ni mfugo, wa porini ni mnyamapori, na huyo wa porini Serikali ndiyo mwenyewe. Mbwa anayelala chini ya meza ya muuza samaki hayuko upande wowote. Amezaliwa mjini, anakula cha mjini, anawajua watoto wa mtaa kwa harufu, na hakuna anayesema ni wangu. Lugha imempa neno moja, koko. Mwenzake paka, akiwa dume kubwa lenye masikio yaliyochanika kwa ugomvi, ameitwa shume.

Shume nalipenda. Linamweleza paka mwenyewe: ukubwa wake, uume wake, upweke wake. Koko halinipendezi, na sababu si kwamba ni tusi, ingawa limekuwa tusi. Sababu ni kwamba halimwelezi mbwa. Linaeleza kukosekana kwa mtu. Mbwa yuleyule, mwenye kichwa kilekile na mkia uleule, akichukuliwa na familia Jumamosi, Jumapili si koko tena, wala hajabadilika hata unywele. Nikiandika koko kwenye kadi sijamwambia daktari wa zamu ya usiku lolote litakalomsaidia. Kwa hiyo kwenye kadi zetu sehemu ya aina ya mbwa huandikwa anavyoonekana: mwekundu, manyoya mafupi, masikio yaliyosimama, mkia wa kupinda, kilo kumi na mbili. Kilo zinahitajika zaidi ya nasaba, maana dawa hupimwa kwa kilo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, ya mwaka 2008, ilichagua neno wanyama na ikaacha mifugo. Wakati huo wengi waliona ni suala la mtindo tu. Kwangu lilikuwa tukio kubwa la lugha. Mnyama ni mnyama kabla ya kuulizwa ni wa nani.

Sasa nirudi kwenye majina ya maradhi, kwani hapo ndipo lugha yetu ina mali ambayo wengi hawajui wameirithi. Tazama yalivyoundwa yale majina ya zizini. Mkojo mwekundu: mfugaji hakuhitaji darubini, alihitaji kutazama chini ng'ombe anapokojoa. Kutupa mimba: tukio lenyewe ndilo jina. Na ndigana, ambayo Wamaasai huiita oltikana, na si vigumu kusikia undugu wake, imepewa pacha: kali na baridi. Kali ni ile yenye homa na kasi. Baridi ni ile inayomla mnyama polepole, na mwishoni hata homa huwa imeshuka. Vivumishi viwili, na mchungaji amekwishajua kama ana siku tatu au ana mwezi. Hii ni istilahi iliyotungwa na watu waliokuwa na haraka ya kuokoa kitu, nayo humwelekeza mtu la kufanya.

Mbwa wa mjini hupata ugonjwa wa jamii moja na ule mkojo mwekundu, wa vijidudu vya babesia, unaoletwa na kupe, unaopasua chembe nyekundu za damu na kuutia mkojo rangi ya chai nzito. Mjini tunauita homa ya kupe, jina linalobeba pamoja magonjwa mawili au matatu yenye dawa tofauti. Nimeanza kuandika mkojo mwekundu wa mbwa pale kipimo cha damu kinapothibitisha, na wafagizi wa mabanda, ambao baadhi yao wamekulia Ugogo na Umasai, walielewa siku hiyohiyo. Sasa wao ndio wanaokuja kuniambia alfajiri: dada, yule wa banda la mwisho, mkojo wake umebadilika. Hawakufundishwa chochote kipya. Walipewa neno walilokuwa nalo tayari, wakaruhusiwa kulitumia kwa mbwa.

Kichaa cha mbwa ndicho kinachohitaji ukarabati wa haraka kuliko vyote.

Jina hili lina pengo kwenye neno kichaa. Mtu akilisikia anamwona mbwa anayekimbia barabarani ulimi nje, macho mekundu, akiuma kila kilicho mbele yake hadi matairi. Mbwa huyo yupo. Lakini virusi vile, vikishapanda kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, humfanya mbwa mwingine awe mpole kupita kiasi. Hujificha penye giza. Taya hulegea, mdomo hubaki wazi, mate hudondoka, koo halimezi, miguu ya nyuma huanza kuyumba. Hamfukuzi mtu. Anaonekana kama mbwa aliyekwamwa na mfupa, na mtu mwenye huruma hufanya lile ambalo huruma humtuma: hupitisha mkono mdomoni kuutafuta mfupa. Mfugaji humfanyia vivyo hivyo ng'ombe anayetoa mate na kulia kwa sauti iliyokauka. Virusi vimo ndani ya mate hayo. Mtu akiwa na mkwaruzo mdogo kidoleni, imetosha.

Nimezungumza na watu waliogusa mate ya namna hiyo, na karibu wote walisema kitu kimoja: hakuwa na kichaa, alikuwa mgonjwa tu. Walikuwa wakilitii neno. Neno liliwaambia wangoje ukali, ukali haukuja, wakajiona salama.

Waganga wa kale wa Kirumi waliuita ghadhabu, Waarabu walitoa jina lake kwenye neno mbwa, Waswahili tukaunganisha vyote viwili. Hatuwezi kulifuta jina lililokita hivyo, na sioni sababu ya kulifuta. Hadi asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huu wanaupata kwa mbwa, kwa hiyo hakusingiziwa. Ila paka naye huupata, na punda, na mbuzi, na nguchiro, na mbweha, na aliyeumwa na paka anastahili hofu ileile. Ninachopendekeza ni kwenda zizini kuazima. Kama ndigana ina kali na baridi, basi na kichaa kiwe kikali na baridi. Kichaa kikali ni kile cha kukimbiza na kuuma. Kichaa baridi ni kile cha taya kulegea na kunyamaza. Nimelijaribu kwa wazee waliokuja kuchanjisha mbwa wao. Nilimwambia mmoja, shikamoo babu, mbwa akinyamaza ghafla na kudondosha mate usimtie mkono, hicho ni kichaa baridi. Akaitikia marahaba, akafikiri kidogo, akasema: kumbe kama ndigana. Sikuhitaji kuongeza.

Yanayofuata baada ya neno yanajulikana na ni ya kurudiwa kila mara: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, mbwa kama anaonekana mzima afungiwe na kutazamwa siku 10 badala ya kuuawa na kuzikwa, maana tarehe ya kuugua au kutougua kwake ni ushahidi. Mtu akishaanza kuogopa maji, tiba hakuna. Ndiyo maana tunachanja, na wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa ugonjwa hukosa pa kupita. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, mtengenezaji wa chanjo ya ugonjwa huu, mwaka 1895, nchi nyingi hufanya kampeni. Foleni siku hiyo huwa na watoto wengi, kila mmoja na mbwa aliyefungwa kwa kamba ya katani, na wengi wa mbwa hao ni wale wanaoitwa koko siku nyingine za mwaka.

Neno linalonitia hofu kuliko yote hapa kliniki, hata hivyo, ni dogo na la upole: kulaza.

Mama humlaza mtoto. Hospitali humlaza mgonjwa. Amelazwa Muhimbili, amelazwa Makadara: kila Mswahili akisikia hivyo hukung'uta vumbi kwenye viatu, hupika uji, huuliza saa za kutazama wagonjwa. Amelazwa maana yake yu hai, ana kitanda, ana watu wanaomwangalia, na wewe una wajibu wa kwenda. Ni neno lenye ubinadamu mwingi.

Sasa wapo waliosoma vitabu vya kigeni wakaona huko mnyama anayekatishwa maisha kwa sindano husemwa amelazwa usingizi, wakalihamisha lilivyo. Katika kliniki moja mjini familia iliambiwa kwa simu, tumemlaza, alikuwa anateseka sana. Kesho yake mtoto wa nyumba ile alifika na kopo la wali na dagaa. Aliyesimulia kisa hiki alikuwa ndiye aliyempokea mtoto mlangoni. Hakuna aliyedanganya. Yule wa simu alidhani anapunguza makali. Yule wa nyumbani alisikia Kiswahili.

Na hapo bado sijataja kwamba kabla ya upasuaji pia tunasema mlaze kwanza, tukimaanisha dawa ya usingizi. Neno moja, mambo manne: kitanda, wodi, usingizi wa dawa, kifo. Katika lugha ya nyumbani muktadha hutuokoa. Katika kliniki, ambako mtu anayesikiliza amejaa hofu na laini ya simu inakatika, muktadha hautoshi.

Kwa usingizi wa dawa tunalo neno letu kamili, nusukaputi, na linasikitisha kuona linaachwa kana kwamba ni la wazee. Ni miongoni mwa maneno machache ambayo utawala wa Wajerumani unatajwa kutuachia, pamoja na shule na hela. Linatisha kidogo, kweli. Lakini linasema ukweli ambao usingizi hauusemi. Mnyama aliyepewa ketamini hafumbi macho. Hubaki akitazama dari, nasi tunampaka mafuta ya macho ili yasikauke. Ukimwambia mwenye paka kwamba paka wake amelala, akachungulia dirishani akaona macho wazi, atapiga kelele. Ukimwambia yuko kwenye nusukaputi, anajua kwamba hii si ile hali ya kila usiku. Ganzi ni nyingine kabisa: ganzi huzima mahali, nusukaputi humzima mnyama mzima.

Kwa kifo, mambo ni magumu zaidi. Kiswahili kinalo neno moja la heshima la kuua mnyama, kuchinja, na kuchinja kuna masharti yake, kisu chake, jina la Mungu, na sufuria jikoni. Anayekufa nje ya hapo ni mzoga, na nyama yake ni nyamafu. Kuua kwa kumhurumia anayeuawa hakukuwa na jina kwa sababu hakukuwa sehemu ya mapatano yetu na wanyama. Watu wamejaribu kumpumzisha, na kupumzika nako mgonjwa hupumzika kisha akaamka. Wamejaribu sindano ya mwisho, na mtu huuliza ya mwisho kati ya ngapi. Mimi huchagua neno fisha, ambalo limo ndani ya lugha tangu zamani na halitumiki sana. Kuua kuna hasira ndani yake, au uhalifu, au vita. Kufisha ni kusababisha kufa, basi. Kwenye kadi naandika: amefishwa kwa huruma, kisha sababu, kisha saa.

Kwa mtu aliyesimama mbele yetu akilia, istilahi haitoshi hata ikiwa nzuri. Daktari wetu humkalisha na kumwambia: mama, tutamchoma sindano, atapoteza fahamu, kisha ataacha kupumua, kisha moyo utasimama, na hatasikia maumivu. Huo ndio mpangilio halisi wa dawa yenyewe, pentobarbitali: huanza na fahamu, huenda kwenye pumzi, humalizia na moyo. Sentensi imefuata dawa hatua kwa hatua, na aliyeisikia akiamua kubaki chumbani hakuna kitakachomshtua. Baadaye hatusemi mzoga mbele yake. Tunasema mwili. Ni ukarimu mdogo ambao sarufi inaruhusu.

Amelazwa limebaki kwenye ubao wetu kwa maana yake ya asili: orodha ya walio hai.

Kuna maneno ambayo hayahitaji mjadala mrefu. Kuhasi ni la dume. Wafugaji wanalo tangu enzi na enzi, na fahali aliyehasiwa ana hata jina lake, maksai. Kwa jike watu husema kufunga kizazi, na hilo naliepuka, kwani mwenye mbwa huuliza kwa nia njema kabisa kitafunguliwa lini. Tunachofanya ni kutoa ovari pamoja na mji wa mimba, hakuna cha kufungua. Wanawake hospitalini husema ametolewa kizazi. Basi na mbwa ametolewa kizazi. Funza nalo lina shida ya kuwa wengi kwa jina moja: yule anayezama kwenye unyayo, na buu anayezaliwa na nzi ndani ya kidonda, na lava anayekaa chini ya ngozi na kutokeza tundu la kupumulia. Wa kwanza hutolewa kwa ncha ya sindano, wa pili husafishwa, wa tatu huzibwa pumzi kwa mafuta kisha akaminywa. Kadi isiyosema ni funza gani haijasema kitu.

Na lipo jambo moja ambalo Kiswahili kililiona mapema. Tunasema mbwa anauma, na tunasema mbwa anaumwa. Mzizi mmoja, kauli mbili. Mgonjwa katika lugha yetu ni mtu anayetafunwa na kitu kisichoonekana. Kila msaidizi mpya huniuliza yule mbwa mkali anauma? Nami humwambia atazame kwanza kama anaumwa: kama anajiramba midomo bila chakula, anageuza uso, anapepesa macho, amebana mkia; na kwa paka, kama amejikunja, masikio yameelekea pembeni, macho nusu, manyoya yamekwama kwa kuwa hajirambi tena. Mnyama haji na malalamiko, huja na dalili peke yake, na nyingi huzificha, maana mtaani anayeonyesha udhaifu hunyang'anywa chakula. Dawa ya maumivu ikishaingia, wengi wa wale wakali huacha kuuma kabla hata hatujagusa jeraha.

Zizi, basi, lina utajiri wa maradhi. Halina maneno ya kumrudisha mnyama kwa watu, kwa sababu zizini hakuna aliyepotea. Kwa hayo tumegeukia malezi ya watoto. Mahali petu tuliwahi kupaita hifadhi, na wageni wakauliza kiingilio, kwa kuwa hifadhi kwa Mtanzania ni Serengeti. Sasa tunasema kituo cha kulelea wanyama, kama kile cha yatima, na hakuna anayeuliza. Anayemchukua mnyama mgonjwa nyumbani kwa muda humlea, naye ni mlezi. Anayemchukua moja kwa moja? Kuasili ni neno la mahakama, lina uzito wa hakimu na mihuri. Mtoto wa kupanga ni msemo wa zamani ninaoupenda, ila mbwa wa kupanga anasikika kama anadaiwa kodi. Watu wanaokuja langoni hawana tatizo hili hata kidogo. Husema nimekuja kuchukua mbwa, kisha mwezi mmoja baadaye, wakija kwa chanjo, husema nimemleta mbwa wangu. Kimilikishi kimefanya kazi ambayo istilahi ilishindwa, nami siingilii.

Wengine huja na swali la najisi, na pwani ni swali la haki. Najisi ni istilahi pia, tena sahihi kuliko nyingi: katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi huku, inahusu mate na unyevu wa mbwa na namna ya kuosha, mara saba, moja kwa udongo. Haina maana ya chuki. Mwenzangu wa zamu, Mwislamu mcha Mungu, huvaa glavu, hufanya kazi yake, huosha kwa udongo ulio kwenye ndoo aliyoiweka mwenyewe, na akiulizwa hukumbusha hadithi mashuhuri ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Mtu anayetumia najisi kuhalalisha jiwe alilorusha hajalielewa neno wala dini.

Limebaki jina moja ambalo tumelifanyia kazi karibuni. Mbwa wa mtaani hupata uvimbe mwekundu wenye vichwa kama koliflawa kwenye sehemu za siri, unaodondosha damu. Wenyeji huona damu kwa jike na kusema ana hedhi, au yuko kwenye joto, wakangoja iishe. Haiishi. Ni saratani, na ni saratani ya ajabu: haisababishwi na virusi, bali chembe zenyewe za saratani huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wanapopandana, au wanaponusana, hata ikaota puani. Wanasayansi wamegundua kwamba zote zina asili moja, mbwa mmoja aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, ambaye chembe zake bado zinaishi katika miili ya wengine. Dawa yake ni vinkristini, ile ile wanayopewa watoto wenye saratani ya damu, nayo hutoka kwenye ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Bukini, linalopandwa kwenye bustani nyingi za pwani na watu wasiojua lina nini ndani yake.

Daktari alisema tuandike uvimbe wa sehemu za siri. Nilipinga, kwa heshima. Uvimbe haumwambii mfagizi kwamba mkojo wa mbwa huyu, baada ya sindano, una dawa ya saratani na usiguswe bila glavu. Haumwambii anayemshika mguu kwamba sindano lazima iingie ndani ya mshipa, kwani tone moja likivuja nje huunguza nyama. Sehemu za siri haziwaambii wa banda la jirani kwamba ugonjwa huu unaweza kukaa puani. Na hakuna hata neno moja hapo linalosema watenganishwe. Tulikubaliana tuandike saratani ya kupandana, na chini yake, kwa wino mwekundu: glavu, banda la peke yake, sindano kila wiki. Wengi hupona ndani ya mwezi mmoja au miwili.